Serikali Ilitoka Wapi, na Haki Yako Ilitoka Wapi?

 

Wengi mliokosa kufika kwenye kikao cha vijana wa Migori na Homa Bay mmeniomba maneno niliyosema. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyatoa. Ni marefu kidogo. Soma ukiwa umetulia, halafu mpelekee mwenzako.

Nianze na yangu. Nilipofikisha miaka 18 nilienda ofisi moja, sitaitaja, kuomba kitambulisho. Nilikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama, na barua ya chifu. Kila kitu. Karani akaangalia jina langu, akaniangalia mimi, akauliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia, Kendu Bay. "Hapana, nauliza asili." Nikamjibu kwa Kijaluo. Akacheka, akaandika kitu pembeni ya fomu, akaniambia nirudi na kitambulisho cha babu. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Wenzangu watatu niliosoma nao darasa moja, wenye majina yaliyozoeleka huku kwetu, walipigwa alama za vidole siku hiyo hiyo wakaenda nyumbani. Mimi nilirudi pale mara nne.

Nilimlalamikia nyanya. Nilidhani atakasirika pamoja na mimi. Akaendelea kuchambua mboga zake, kisha akasema, "Nyakwara, serikali si baba yako."

Sasa swali langu leo ni hilo. Kama si baba yetu, ni nani? Ilifikaje hapa? Na hii tunayoita haki, ni zawadi yake au ni kitu chetu?

MANENO MATATU

Tuanze na maneno yenyewe, manake tunayatumia kila siku bila kuyaangalia. "Serikali" asili yake ni Kiajemi, sarkar. Lilipita India, likafika pwani, likapanda bara mpaka Wajaluo wakalifanya sirkal. Watu hutania kwamba maana yake ni "siri kali". Ni mzaha, lakini mzaha huo una sababu. "Raia" ni Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Kwa hivyo ukimwita mtu raia, umesema pia kwamba yuko mchungaji, na mchungaji ana hesabu ya kutoa. "Haki" nayo ni Kiarabu, ni ukweli na kile mtu anachostahili.

Maneno yote matatu yalikuja kwa njia ya bahari. Je, mambo yenyewe?

KABLA YA MSTARI

Watu wa huku hawakuishi bila utawala. Wajaluo walikuwa na piny, nchi ya koo zilizokaa pamoja, na ruoth wake. Lakini ruoth hakuamua peke yake, aliketi na jodongo, wazee. Abakuria walikuwa na iritongo, baraza la jamii, na inchama, baraza la siri la wazee. Abasuba wa Rusinga na Mfangano walikuwa na wazee wa koo zao. Neno la mkubwa wa Kanyamwa halikuwa amri Karachuonyo.

Lakini jamani tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Utaratibu ule ulimlinda mwenye ukoo. Mgeni aliyepewa shamba kwa hisani aliitwa jadak. Alilima, alioa, alizaa, lakini siku wenyeji wakitaka ardhi yao hakuwa na la kusema. Mwanamke alisikilizwa kupitia baba, mume au mwana. Haki yako ilikuwa imefungwa kwenye jina la ukoo wako. Shikeni hilo neno jadak, nitalirudia.

Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya ramani. Mstari utoke mdomo wa mto Umba huko Vanga, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, uje mpaka ziwani pale digrii 1 kusini inapogusa ufuo wa mashariki. Hakuna Mkuria hata mmoja aliyeulizwa. Leo wewe uko Isebania, shangazi yako yuko Sirari, na katikati kuna askari anayetaka karatasi.

Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Huku kwetu bado kulihesabiwa kuwa Uganda, mpaka mwaka wa 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishwa. Mtu wa Karachuonyo alilala Uganda akaamka kwingine, na hajanyanyua mguu.

Mwaka huo huo wa 1902 ikaja sheria ya wakuu wa vijiji. Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Chifu wa sheria ile hakutoka kwa jodongo. Aliwekwa na serikali ili akusanye kodi ya nyumba, atoe watu wa kutengeneza barabara, na atunze amani. Akikosea watu, hakuna shida. Akikosea DC, kazi imeisha. Juu yake alikaa DC, na huyo alikuwa anatoza kodi, anahukumu kesi na anafunga watu, yote mtu mmoja. Hicho ndicho kitu kipya kilichoingia nchini: mkubwa anayewajibika kwa walio juu yake, si kwa walio chini. Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya historia ya Kenya.

Kisha kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa awe na karatasi yenye alama za vidole na maneno ya mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukitoroka kazi, unatafutwa kwa kipande. Mzungu hakuvaa. Kwa hiyo mara ya kwanza serikali kuu ilipomjua babu yako mmoja mmoja, kwa jina na kwa kidole, haikuwa ili impe haki. Ilikuwa ili isimpoteze.

NCHI NAYO IKASEMA

Watu hawakunyamaza. Kuanzia mwaka wa 1913 imani ya Mumbo ilienea Nyanza Kusini, ikisema Wazungu wataondoka na njia zao zitakwisha. Serikali iliona ni hatari, ikawakamata viongozi wake na kuwahamishia mbali, wengine mpaka Lamu. Fikiria mtu wa ziwani anashushwa Lamu kwa sababu ya mahubiri.

Halafu tarehe 23 Desemba 1921, kule Lundha, Gem, vijana waliosoma shule za misheni wakaitisha mkutano mkubwa. Jina watu walilolipa ni Piny Owacho, yaani nchi imesema. Sirkal ilikuwa imesema miaka 20, sasa piny nayo imesema. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kazi ya lazima iishe, na nchi isiwe koloni, manake mwaka wa 1920 himaya ilikuwa imegeuzwa kuwa koloni bila wao kuulizwa. Julai 1922 gavana mwenyewe alikuja Nyahera kuwasikiliza. Baadhi ya mambo yalilegezwa. Kipande kikabaki, na koloni ikabaki.

Hapa wengine huuliza, kwani haki za mtu binafsi si za Wazungu? Kweli Waingereza wana mkataba wa 1215, mfalme wao alipobanwa na makabaila akubali kwamba hatamfunga mtu huru bila sheria. Wana sheria ya 1679 inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji. Lakini angalia vile zilikuja. Mfalme hakuamka asubuhi akawapenda. Mamlaka yalikuwa yamekuwa makubwa, watu wakaumia, wakadai breki. Na breki ile walipoipata hawakuipakia kwenye meli pamoja na DC. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu, na Uingereza ilipiga kura ya ndiyo. Tarehe 20 Oktoba 1952 Uingereza hiyo hiyo ilitangaza hali ya hatari hapa Kenya, na maelfu kwa maelfu wakawekwa kambini bila kesi.

Kwa hivyo haki si ya Mzungu wala ya Mwafrika. Inazaliwa popote mtu mmoja anaposimama mbele ya mamlaka makubwa bila wa kumtetea.

MTOTO WA RUSINGA

Sasa tuje kwa mtu wetu. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi wakati vyama vya siasa vya kitaifa vimepigwa marufuku. Mwaka wa 1960, mazungumzo ya katiba yalipoanza Lancaster House, London, alimwalika wakili Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, awe mshauri wa wajumbe Waafrika. Huyu ndiye aliyeshinda mwaka wa 1954 kesi ya kukomesha ubaguzi katika shule za Marekani. Marshall aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya.

Na rasimu hiyo ilimlinda nani hasa? Ilijali sana walio wachache na mali yao, na wachache wenyewe walikuwa Wazungu na Wahindi. Cheka kidogo. Walowezi walikaa miaka 60 bila kuona haja ya haki za msingi Kenya. Siku walipoona wao ndio watakuwa jadak, wakazitaka zote. Lakini usimcheke Marshall. Kwao alikuwa amewatetea weusi walio wachache, hapa akawatetea weupe walio wachache, na kanuni ilikuwa ile ile: haki isingoje wewe uwe na wengi.

Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata uhuru, na katiba yenye haki za msingi na serikali za majimbo 7, ukiacha Nairobi. Ndugu zetu wa Pwani nao, kwa mapatano ya Oktoba 1963 juu ya ule ukanda wa maili 10, wakahakikishiwa mahakama za Kadhi.

Kisha majimbo yakavunjwa haraka. Fedha zilichelewa kufika, madaraka yakachelewa kukabidhiwa, na Novemba 1964 chama cha KADU kikajivunja chenyewe. Tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu. Waziri wa sheria na mambo ya katiba kipindi hicho alikuwa nani? Mboya huyo huyo. Yeye na wenzake waliamini nchi changa inahitaji mkono mmoja, na wasiwasi wao haukuwa wa uongo: kaskazini mashariki palikuwa na vita, na pesa zilikuwa kidogo. Lakini walichofanya ni kuchukua ule mfumo wa DC na chifu, wakabadilisha bendera, wakauacha vile ulivyo.

Mwaka wa 1966 Oginga Odinga alitoka serikalini na KANU, akaongoza KPU. Mwaka huo huo sheria ya usalama ikapanuliwa ili mtu awekwe kizuizini bila kesi hata wakati wa amani, na Seneti ikaunganishwa na Bunge. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya akapigwa risasi mchana, katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali, pakatokea fujo, na walinzi wakapiga watu risasi. Odinga akawekwa kizuizini, na tarehe 30 KPU ikapigwa marufuku. Kwa miezi minne tu, Nyanza ilimzika mmoja ikafungiwa mwingine.

Mliobaki mnajua, au wazazi wanajua. Juni 1982 ikawa sheria kwamba chama ni kimoja. Mwaka wa 1988 tulipiga foleni ya mlolongo nyuma ya wagombea, na mwaka huo huo Bunge likawaondolea majaji kinga ya kazi, wakarudishiwa mwaka wa 1990. Desemba 1991 vyama vingi vikarudi. Mwaka wa 1992 chama cha Kiislamu, IPK, kikanyimwa usajili kwa sababu ni cha dini. Unaweza kukubali au kukataa chama cha dini, hilo ni jambo la mjadala. Lakini kumbuka aliyeamua alikuwa karani wa serikali, si mpiga kura.

MWAKA WA 2010

Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura, na tarehe 27 katiba mpya ikazinduliwa. Kuna mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni ugatuzi. Homa Bay ikawa kaunti nambari 43, Migori nambari 44. Angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima ije kwenye kaunti. Zahanati, soko na chekechea sasa unamuuliza gavana. Lakini kaa ukijua, gavana asiyeulizwa naye ni DC mwenye kura. Na ule mstari wa zamani haukukatika. Kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu na naibu wa chifu, hao wote bado mshahara na amri vinatoka Nairobi. Serikali mbili zinakaa kwenye kijiji kimoja.

La pili ni Sura ya Nne. Kifungu cha 19 kinasema jambo ambalo DC wa 1902 angelirarua: kwamba haki hizi ni za kila mtu kwa kuwa ni mtu, na si serikali iliyompa. Hapo ndipo nilipopata jibu la nyanya. Serikali si baba yangu, kwa hivyo haki yangu si posho ya baba. Na jadak? Katiba hii imemwondoa. Hakuna Mkenya mgeni. Karani anapokuuliza asili yako ya tatu kwa sababu unaitwa Hamisi au Zainabu, anakurudisha kuwa jadak kwenye ardhi ya babu zako. Wanubi wanalijua hili kuliko sisi. Walikuja na jeshi la Mwingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwaka wa 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wao kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika.

Basi yote yamekwisha? Hapana. Tarehe 7 Juni 2025 polisi walimchukua Albert Ojwang', mwalimu wa miaka 31, nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay, kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi. Homa Bay kuna kituo cha polisi. Homa Bay kuna Mahakama Kuu. Wakampeleka Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Madaktari waliompasua wakakuta majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia. Baadhi ya maafisa walishtakiwa kwa mauaji, wakakana.

Nimetaja umbali kwa makusudi. Tangu siku za Lamu, mamlaka ya mbali yamekuwa na tabia hiyo ya kumtoa mtu kwao, mahali anapojulikana, akabaki peke yake. Haki ya mtu binafsi ipo kwa ajili ya usiku huo mmoja. Lakini katiba haina miguu. Kwenye kile kituo haiingii yenyewe, inaingizwa na watu.

UFANYE NINI

Moja. Akikamatwa mtu wako, msimwache aende peke yake. Ulizeni kituo gani, jina la afisa, na nambari ya kumbukumbu kwenye kitabu cha matukio. Kifungu cha 49 kinasema aambiwe kosa lake mara moja kwa lugha anayoelewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kama muda huo unaishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Akiumizwa, peleka malalamiko IPOA au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Mbili. Ukinyimwa kitambulisho, usiondoke na maneno matupu. Kifungu cha 12 kinakupa hati hiyo kwa kuwa wewe ni raia. Kifungu cha 47 kinakupa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapokuumiza. Omba barua. Nimeshaona fomu zikipata miguu ghafla baada ya mtu kusema, "Naomba uniandikie hiyo sababu."

Tatu. Maandamano na mikutano si ruhusa ya kuombwa tena. Tangu mabadiliko ya 1997 ni kuwajulisha polisi siku 3 mapema. Kujulisha na kuomba ni vitu viwili.

Nne. Hudhurieni vikao vya bajeti ya kaunti. Ukikosa pale, usimlaumu gavana kwa kutokujua kisima chenu kimekauka.

Tano, na hii ni kwetu wenyewe. Ukisimama tu anapokamatwa Mwislamu, hujasimama kwa ajili ya haki, umesimama kwa ajili ya ukoo. Ojwang' hakuwa wa msikiti wetu. Ni wetu. Siku karani atakapomzungusha kijana wa Kikuria pale Isebania kwamba arudi Tanzania, nataka barua ya kwanza ya malalamiko itoke kwetu.

Kitambulisho changu nilikipata mwishowe. Nilikipeleka kwa nyanya, akakishika mbali na macho vile wazee wanavyofanya, akakigeuza nyuma na mbele. Akaniuliza, "Na yule mwenzako mliyekuwa mkizungushwa pamoja, wa kule Migori?" Nikamwambia bado. Akanirudishia kadi. "Basi kesho mwende naye."

Wabillahi tawfiq.